Anti, mtoro ninayemtafiti ninaishi naye nyumba moja

Shikamoo Anti, na wasomaji wenzangu salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Nafundisha Jiografia na Kiswahili, vipindi 26 kwa wiki, na wiki ya zamu ndiyo usiniulize. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka sita, mwingine mwaka na miezi minne. Mume wangu anafanya kazi bandarini Mtwara mjini, na msimu wa korosho ukifunguliwa hana Jumamosi wala Jumapili. Akija ni mara moja kwa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Simlaumu. Juu ya hayo nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, kozi ya miaka miwili ambayo kwangu imeingia mwaka wa tatu. Ada nalipa mwenyewe, kwenye mshahara ambao bodi ya mikopo imeshakata asilimia 15 yake kabla haujanifikia.

Najua kuna atakayesema, si aache hayo masomo. Anisikilize kwanza.

Utafiti wangu unahusu wasichana wanaopotea shuleni msimu wa korosho. Anayeishi huku anajua. Ikifika Oktoba madawati yanaanza kuwa wazi. Mtoto anaokota, anatenganisha korosho na bibo, au anabaki nyumbani na mdogo wake ili mama aende shamba. Mnada ukishalipa, hela inaonekana kijijini, bodaboda wana hela, vijana wana simu mpya, na Januari shule ikifunguliwa kuna majina yanaitwa hayaitikii. Hayo majina ndiyo niliyotaka kuyafuata. Barua ya chuo niliipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikaenda kwa mkurugenzi, kwa watendaji wa kata, kwa watendaji wa vijiji. Miezi miwili na nauli zangu vikaishia humo.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe.

Januari iliyopita dada yangu wa Newala alinipa binti yake aje kunisaidia mtoto. Alikuwa amemaliza kidato cha kwanza, ana miaka 14, sasa 15. Tulikubaliana nitamhamishia shuleni kwangu, asubuhi tuende wote, jioni anisaidie. Mtoto wangu wakati huo alikuwa na miezi sita na alikuwa na kifua, kwa hiyo nikasema wiki mbili tu apate nafuu. Mwezi wa pili nikasema uhamisho nitaufuatilia likizo ya Aprili. Aprili nilikuwa na sura ya tatu ya kurekebisha. Juni nikasema mwaka umeshavunjika, heri aanze upya Januari. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kwamba huyu binti hatasoma, Anti. Nilikuwa naahirisha tu.

Na sitaficha kwamba nyumba yangu imesimama kwa ajili yake. Anaamka kabla yangu. Maji ya kununua anayapokea yeye. Saa nne ananiletea mtoto shuleni nimnyonyeshe, anamrudisha. Usiku nikifungua kompyuta, mtoto yuko mgongoni kwake. Kurasa 90 nilizoandika, sijui ningeandika hata 10.

Septemba nilikwenda Newala kukusanya data kwenye shule ya tatu kati ya nne. Ndiyo shule aliyokuwa akisoma. Niliiweka kwenye pendekezo la utafiti kabla hajaja kwangu, tena kwa sababu nina mwenyeji pale wa kunipa chai. Mwalimu wa darasa akanitolea daftari la mahudhurio la kidato cha pili, tukawa tunapitia wasichana ambao hawakurudi Januari. Akashuka na kidole hadi kwenye jina la binti yetu, mstari mzima alama za utoro, mwisho limekatwa kwa wino mwekundu. Akasema, "Huyu naye korosho imemla, mwalimu." Nikaandika. Sikusema neno. Sasa yumo kwenye jedwali langu, mmoja kati ya wasichana 17, na jedwali linamhesabu kama aliyechukuliwa na korosho wakati aliyemchukua ni mimi.

Oktoba tena, nikiwa kwenye usaili kijijini, nilikwenda naye ili anishikie mtoto. Mama mmoja niliyekuwa namhoji kwa nini binti yake haendi shule alinijibu yote kwa adabu, kisha akamtazama huyu wangu, akauliza, "Na huyu wako anasoma wapi?" Nikasema yuko likizo. Katikati ya Oktoba! Yule mama alicheka kidogo, akaendelea kuchambua korosho zake.

Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema ila mkali, ameisifu sura ya nne. Amebakiza jambo moja: niongeze ukurasa kuhusu nafasi ya mtafiti, yaani mimi ni nani mbele ya hawa ninaowachunguza, nina uhusiano gani nao, hali yangu imeathiri vipi majibu yao. Ukurasa mmoja tu. Nimeuandika mara nne nikaufuta mara nne. Tarehe ya mwisho ni 28 Februari, na nyongeza ya muda nimeshapewa mara mbili.

Shule zinafunguliwa Januari. Mlango wa kumrudisha upo: elimu haina ada tangu 2016, na tangu 2021 serikali imeruhusu walioacha masomo warudi. Mambo hayo nawaeleza wazazi mimi mwenyewe kwenye vikao, kwa sauti. Lakini akiingia darasani, mtoto wangu atabaki na nani? Dada wa kazi huku anataka 80,000, na msimu huu hata kwa bei hiyo humpati maana kuokota kunalipa zaidi. Kumpeleka mtoto kwa bibi yake mzaa baba kule Lindi, bado ananyonya. Mume nimemwambia, kasema tuvumilie hadi Machi nimalize. Machi muhula utakuwa umefika katikati, na nawajua wanafunzi wanaoanza katikati, ndio wale wale wa kwenye jedwali.

Kuna na upande wa ukoo. Kwetu mtoto wa dada mwenye kauli juu yake ni mjomba, na kaka yetu mkubwa ameridhika kabisa. Kila nikigusia anasema, "Nyumba ya mwalimu ni shule." Dada naye kila mwezi namtumia 30,000, na amezizoea.

Binti mwenyewe nilimuuliza wiki iliyopita akiwa anakuna nazi, unataka kurudi shule? Akasema, "Mama mdogo, na mtoto atabaki na nani?" Hilo sikulipokea kama jibu. Siku tatu baadaye, kwenye bunda la mitihani ya majaribio ya kidato cha pili niliyoleta nyumbani kusahihisha, nikakuta karatasi moja haina jina, imejazwa kwa penseli. Mwandiko naujua, ndio unaoniandikia orodha ya sokoni. Nikaisahihisha kama nyingine. Amepata 41, na mwaka mzima hajaingia darasani. Sijamwambia.

Anti, nisaidieni na wasomaji mlio walimu au mliosoma mkiwa na watoto. Nimrudishe shule Januari na tasnifu ife ikibidi, au nishike ushauri wa mume wangu wa Machi? Na kwa msimamizi, nimweleze ukweli wote, nikijua anaweza kusema data ya shule ile imeharibika, au nimtoe binti kwenye jedwali wabaki 16 na ninyamaze? Na wa kuzungumza naye kwanza ni nani, dada aliyemzaa au kaka mwenye kauli?

Naomba jibu lisichelewe. Malipo ya mnada yametoka, na kaka anapita hapa kwangu Jumamosi hii akielekea Mtwara.

Mwalimu, Tandahimba