Mwambie Shabani nataka daftari

Dawson City, Yukon, Kanada

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Baridi imeanza, nimeshaizoea. Habari kubwa ni kwamba tangu mwezi jana funguo za stoo ninazo mimi, na wazee wa hapa wananiuliza mimi kama mzigo umefika. Umfikishie shangazi, aliyesema nimekuja kuzoa theluji.

Sasa la Shabani. Anataka milioni mbili za kujaza duka kwa kuwa mtaa mzima umekopa. Nilipomgombeza akanigeuzia kibao: "Si wewe uliyemsifia McQuesten?"

Kosa langu, nilimsimulia mwenyewe. Jack McQuesten na wenzake walifungua duka Fort Reliance mwaka 1874, maili chache tu kutoka hapa, wakinunua ngozi kwa Wahan, wenyeji wa asili wa huku. Wachimba dhahabu walipoanza kufika, akawa anawapa chakula na vifaa kwa mkopo, watalipa wakipata. Mito ya Fortymile na Sixtymile, yaani maili arobaini na maili sitini, iliitwa hivyo kwa kuhesabu maili hadi dukani kwake! Na kipimajoto chake kilikuwa chupa zilizopangwa nje: zebaki ikiganda, ujue ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri; ikiganda na dawa ya maumivu, usithubutu safari. Niliposikia hilo nilicheka, kisha nikamkumbuka Baba na yale mawe yake ya mizani, nikanyamaza.

Lakini Shabani kashika nusu ya hadithi. Kule meli ilileta bidhaa kiangazi tu, barafu ikiyeyuka mtoni, na maduka yalikuwa ya kuhesabu. Mdaiwa angekimbilia wapi? Wa kwetu anavuka barabara, ananunua kwa Mangi taslimu, na salamu hatoi. Tena nyuma ya McQuesten ilikuwepo kampuni ya biashara, Alaska Commercial Company ya San Francisco. Nyuma ya Shabani niko mimi. McQuesten mwaka 1898 aliondoka na mkewe Katherine na watoto, akaenda kustarehe California. Mimi hata Idi ya mwaka huu sijui kama nitaila kwenu, na kalmati nimeziota juzi.

Nimetuma laki nane. Zilizobaki zitakuja nikiona daftari la madeni, alipige picha kurasa zote. Ule ukurasa wa mwandiko wa Baba, wenye jina langu na nauli ya kufuata viza Dar, auruke.

Mwanao