Anzieni kwenye leseni ya kazi, jina la kozi lifuate

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya sekondari yanapokaribia, magazeti hujaa ushauri wa kumtaka mwanafunzi afuate ndoto yake. Mtu aliyekaa mbele ya fomu ya udahili hapati msaada wowote hapo. Sisi tunaoshughulika na ushauri wa taaluma tunaona wenye alama nzuri wakikwama kwa sababu ya somo moja waliloliacha zamani, au karatasi moja isiyolingana na nyingine.

Udaktari, ufamasia, uhandisi, sheria na uhasibu ni kazi ambazo katika nchi nyingi zina bodi au baraza la kusajili na kutoa leseni. Basi mwanafunzi aanzie huko: asome masharti ya usajili katika nchi anayotaka kufanyia kazi, ajue ni shahada gani inakubalika. Kisha atafute vyuo vitatu au vinne vinavyoitoa, aandike masomo na alama ambazo kila kimoja kinadai. Tahasusi ya sekondari ya juu, yaani mchanganyiko wa masomo, ichaguliwe baada ya hapo. Wengi huchagua tahasusi kwanza, tena kwa kumfuata rafiki, halafu chuo ndicho kinachotafutwa kwa kubahatisha.

Hisabati ndiyo inayoumiza wengi. Huachwa kwa kudhaniwa kuwa ni ya wahandisi peke yao, kumbe vyuo vingi huidai pia kwa uchumi, takwimu na sayansi ya kompyuta. Kemia nayo ina ukali wake: aliyesoma biolojia bila kemia hupata taabu sana kuingia udaktari au ufamasia. Katika kusoma sifa za kujiunga, tenganisheni "lazima" na "itapendelewa". Somo la lazima likikosekana, wastani mzuri haulifidii. Ombi linaweza kuenguliwa kwenye mchujo wa kwanza kabla barua yako haijafunguliwa.

Ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba masomo yanakidhi viwango, nayo isomwe kwa makini. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, yanayowezesha shahada za uhandisi kutambuliwa baina ya nchi wanachama, huangalia programu yenyewe. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi wenye ithibati na wa umeme usio nayo. Kwa udaktari ipo orodha ya kimataifa iitwayo World Directory of Medical Schools, lakini walioitunga wenyewe wanasema chuo kuwemo humo si ithibati. Wakala akikuonyesha jina la chuo kwenye orodha hiyo kama uthibitisho wa kila kitu, muulize ithibati imetolewa na nani na inaisha lini.

Wanaotaka kusoma nje wajue kila nchi ina mlango wake. Uingereza, kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu, mwombaji ana nafasi 5 za kuchagua kozi, na za udaktari haziruhusiwi kuzidi 4. Ujerumani, ambaye cheti chake hakitoshi kuingia chuo kikuu moja kwa moja hupelekwa Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi, kwa kawaida mihula miwili, na mkondo hufuata fani: T ya ufundi na hisabati, M ya tiba, W ya uchumi. Huko huko kuna mafunzo ya ufundi ya miaka 2 hadi 3 na nusu ambamo mwanagenzi hugawa muda wake kati ya kiwandani na darasani huku akilipwa posho. Njia hii inadharauliwa bila sababu. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS usifanywe mapema mno, maana vyuo vingi huyakubali matokeo yake kwa miaka 2 tu.

Sasa karatasi. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha shule mawili, na pasipoti imeandika "Mohamed" mahali ambapo shule iliandika "Muhammad". Mfumo wa maombi huwaona hao kuwa watu wawili. Kurekebisha huchukua wiki nyingi, kwa hiyo vilinganisheni herufi kwa herufi mwaka mmoja kabla. Barua pepe iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Anayejaziwa fomu kwa anwani ya mwenye duka la intaneti hukosa ujumbe wa kuitwa kwenye usaili, na nywila ikipotea hana pa kuiulizia. Cheti kiskaniwe kikiwa kimenyooka, pembe zote nne na muhuri vionekane. Mwalimu wa kuandika barua ya utambulisho aombwe mwezi mzima kabla, na apewe nakala ya matokeo.

Kuhusu ufadhili, tuseme moja tu: Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa mfano, haitozi ada ya maombi. Anayedai fedha "za kufungua faili" anajilipa mwenyewe.

Ombi letu kwako, Mhariri: kurasa zako za vyuo hutoka matokeo yakishatangazwa. Zitoe pia kabla wanafunzi hawajachagua tahasusi, na kila kozi iandikiwe masomo yake ya lazima.

Washauri wa taaluma wa shule za sekondari