Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na suala la malori yanayoegeshwa mbele ya maghala limo kwenye kumbukumbu mlizogawiwa. Mimi nitazungumzia jambo moja: kutangaza wamiliki halisi wa kampuni zetu.

Kanuni za Kenya kuhusu jambo hili zilitoka 2020. Daftari la mtandaoni la Msajili wa Kampuni lilifunguliwa Oktoba mwaka huo. Makataa ya kwanza yalikuwa Januari 2021, kisha yakasogezwa hadi Julai 31. Muda huo umepita zamani, na bado baadhi yetu hawajajaza BOF1, fomu ya kutangaza wamiliki halisi. Wengine huniambia CR12 inatosha. Haitoshi. CR12 ni hati ya Msajili inayoonyesha wakurugenzi na walioandikiwa hisa. BOF1 inamtafuta binadamu anayefaidika au anayeamua, pamoja na kitambulisho chake na PIN ya KRA, yaani namba yake ya mlipa kodi. Mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura anaingia, ziwe mkononi mwake au zipitie kwa mwingine. Kama kampuni ya pili inashika asilimia 40 ya kampuni yako, na mtu mmoja ana nusu ya hiyo ya pili, huyo ana asilimia 20 kwako, mwandike. Anaandikwa pia mwenye haki ya kuteua au kuondoa mkurugenzi, na yule ambaye neno lake ndilo linalofuatwa, hata kama hana hisa.

Mwanachama mwenzetu ameniruhusu nieleze yake bila kumtaja. Baba yao alipofariki, hisa zote ziliandikwa jina la kaka mkubwa. Walikubaliana kwa mdomo kwamba ni mali ya ndugu wanne na mama yao kwa mafungu sawa. Mama ndiye anayeidhinisha kila kontena la vipuri kutoka Dubai kabla pesa hazijatumwa. Benki ilipotaka taarifa ya wamiliki kabla ya kuwaongezea mkopo, ikaonekana kaka amejiandika peke yake, na maneno yakazuka nyumbani. Tuliketi nao ofisini na katibu wao wa kampuni, fomu ikajazwa upya kwa majina matano, na kwa mama ikaelezwa kwamba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Fomu hiyo haichukui nafasi ya kuhamisha hisa, na hilo nalo wameanza. Lakini wadogo wa huyo kaka leo wana maandishi ambayo jana hawakuwa nayo.

Ndiyo maana siichukulii sheria hii kama usumbufu tu wa serikali. Kweli, Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na benki zimekaza kamba. Lakini anayeumia kwanza pasipo maandishi ni mjane, na ni yule kijana wa kaunta tuliyeazima jina lake akawa "mkurugenzi" ili tajiri asionekane. Siku ya deni la kodi, anayeitwa ni yeye. Tabia hiyo naikataa waziwazi, na naomba chama kiikatae.

Wanaohofia siri zao wajue kuwa daftari lilikusudiwa kwa mamlaka husika, na kampuni hairuhusiwi kuyatoa majina hayo ovyo. Asiyetangaza anakabiliwa na faini ya hadi shilingi 500,000, kwa kampuni na kwa kila afisa aliyekosa, na hadi 50,000 kwa kila siku anayoendelea kukaidi.

Kamati imekubali kusaidia kujaza fomu kila Jumamosi asubuhi ofisini. Njooni na kitambulisho, PIN, anwani ya nyumbani, kazi ya kila mmiliki na tarehe aliyoanza kumiliki. Mliouziana hisa au kumpoteza mwenzenu, mabadiliko yapelekwe kwa Msajili ndani ya siku 14. Msisubiri ritani ya mwaka, ile taarifa ya kampuni ya kila mwaka kwa Msajili.

Mwenyekiti