Kaka, jembe la bibi usiliguse

Kaka yangu,

Umeandika kwenye kundi la ukoo kwamba arobaini ya bibi tuifanyie nyumbani Bahi, na kwamba yaliyopita si ndwele. Kuja nitakuja. Ila kwangu mimi hayajapita.

Ulimshika kichwa. Lambalamba, yule mganga wa kusaka wachawi, alipotoa wembe, wewe ndiye uliyemshika bibi ili anyolewe. Nywele zake nyeupe zikadondokea viatu vyako vya kanisani. Ukaviangalia, ukavikung'uta. Nikifumba macho naona hivyo viatu.

Na kosa lake lilikuwa nini? Mbuga ikikauka, wenzake wakirudi na ndoo tupu, yeye alijua pa kuchimba kambale. Wakasema anawaita kambale usiku kwa uchawi. Kaka, si alitufundisha sisi? Alituinamisha, tukawa tunabonyezabonyeza tope kwa vidole, tukitafuta palipo laini chini ya gamba kavu, maana kambale hujichimbia humo akingoja mto Bubu uteremshe maji kutoka Kondoa. Na wewe ulikuwa hodari kuliko mimi. Mvua za El Nino, 1998, maji yalipofunika majaruba, ulinibeba mgongoni mpaka barabarani, nalia nimekung'ang'ania shingo. Hilo pia sijalisahau.

Eti macho mekundu ni ya mchawi! Nani aliyepikia miaka yote ndani ya tembe, paa la udongo, moshi hauna pa kutokea, asiwe na macho mekundu? Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho hayo hayo. Ulikuwa unazisikia hizo habari redioni, ukiwa umekaa naye jikoni.

Nakusihi, wakipita tena kuchangisha pesa za lambalamba, usitoe. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, nenda polisi. Najua utaniuliza mbona mimi nilitoa. Nilitoa elfu tano. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mume yuko safarini, na asiyetoa alikuwa anaandikwa jina. Ningefanya nini? Ningepiga kelele mbele ya kijiji kizima? Usiku ule nilimpaka mafuta kichwani, pale wembe ulipomchubua. Mimi nilibaki naye. Wewe hukurudi, na yeye akawa ananiuliza kama umekula.

Jembe lake la mpini mfupi bado limechomekwa juu ya mlango. Nitalichukua mimi. Usiliguse mpaka nifike.