Peasi nyeusi ya Worcester haikukusudiwa kuliwa mbichi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitofautiane na mwandishi wa makala yenu ya matunda ya nchi za baridi, aliyedai kwamba peasi za zamani za Uingereza, ile nyeusi ya Worcester ikiwemo, zimeachwa kwa sababu ni ngumu na hazina ladha. Ugumu wake sibishani nao. Ninachokataa ni kuuita kasoro, kwa kuwa tunda hili ni la kupikwa; hakuna mpishi wa Bukoba anayeuma ndizi mbichi ya kupika kisha akaitangaza kuwa haifai.

Ganda lake ni la kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, tena linakwaruza mkononi, na nyama yake ni nyeupe ya kimanjano yenye chembechembe ngumu. Huchumwa Oktoba au Novemba na, likitunzwa mahali pakavu penye baridi, huweza kukaa hadi Aprili. Kabla ya kuwapo majokofu, hapo ndipo ilipokuwa thamani yake, kwani kaya ilipata tunda katika miezi ambayo miti yote imepukutika. Likichemshwa polepole kwa saa kadhaa pamoja na sukari, mdalasini na karafuu (viungo ambavyo msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa), hulainika bila kuvurugika na rangi yake huelekea wekundu, ilhali peasi laini za dukani, mfano Williams, haziwezi kustahimili moto wa muda huo.

Wenyeji wenyewe hawakulidharau. Nembo ya jiji la Worcester ina peasi tatu nyeusi, ambazo kwa masimulizi yao zilitokana na ziara ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1575, na klabu ya kriketi ya Worcestershire huvaa alama hiyo hiyo hadi leo.

Tena, mbegu ya peasi haitoi tunda linalofanana na la mti mama. Aina huendelezwa kwa kubebesha kikonyo, yaani kipande cha tawi la mti wa aina hiyo, juu ya shina la mti mwingine. Kwa hiyo kila mpeasi wa aina hii uliopo leo ni ushahidi kwamba kizazi baada ya kizazi kulikuwa na mtu aliyeona unastahili kazi hiyo, jambo ambalo haliafikiani na madai ya mwandishi wenu.

Ningemwomba, atakapoandika tena, ataje kila tunda hutumiwaje na huchumwa lini kabla ya kulipima kwa utamu wake.

Msomaji wenu,
Worcestershire, Uingereza