Embakasi Kati ni wapi? Kwetu ni Kayole

Mhariri,

Redioni wakitaja eneobunge la Embakasi Kati, hapa Nairobi, bado hunichukua muda kutambua kwamba wanazungumzia kwetu. Naishi Kayole tangu 1991 na nimefundisha shule za msingi za huku hadi nikastaafu. Sijawahi kumsikia abiria akimwambia makanga, "Nishushe Embakasi Kati."

Embakasi niliyoijua ilikuwa eneobunge moja. Ukitoka Dandora ukapita Umoja na Kayole, ukashuka hadi Mukuru kwa Njenga na Pipeline, ukafika uwanja wa ndege (nao zamani uliitwa Embakasi), mbunge alikuwa yule yule. Mwaka wa 2007 hakuna eneobunge lingine nchini lililokuwa na wapiga kura wengi kuliko letu. Nilikuwa karani wa uchaguzi siku hiyo ya Desemba 27. Tulipofungua kituo, foleni ilikuwa imeshapinda nyuma ya vyoo vya shule, na mama mmoja mzee aliniambia amesimama hapo tangu saa kumi alfajiri. Nilimtafuta kwenye sajili vidole vikitetemeka, kwa hofu kwamba huenda jina lake halimo. Lilikuwamo.

Kiti hicho kilikuwa cha David Mwenje kwa miaka kumi, tangu 1997. Safari hiyo alishinda Mugabe Were wa chama cha ODM. Kabla Januari haijaisha, usiku wa kuamkia tarehe 29, aliuawa kwa risasi langoni pa nyumba yake. Nchi ilikuwa tayari inawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Siku hizo hatukufundisha. Watoto walilala chini ya vitanda. Juni 11 tukarudi vituoni kwa uchaguzi mdogo, na Ferdinand Waititu wa chama cha PNU akashinda. Nayaandika haya kwa sababu vijana niliowafundisha baadaye hawajui kwamba yalitokea hapa, katika eneo ambalo sasa halimo hata kwenye orodha ya tume ya uchaguzi, IEBC.

Sisemi Embakasi isingegawanywa. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge (CDF) ilipoanzishwa 2003, robo tatu ya fedha ziligawiwa sawasawa maeneobunge yote 210. Mgao wetu ulikaribiana na wa eneobunge dogo kabisa, ilhali darasa langu la nne lilikuwa na watoto 94 na madawati 30. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 925,000 Embakasi. Wastani wa eneobunge, kwa hesabu ya maeneo 290 ya Katiba mpya, ulikuwa watu 133,000 hivi, na Katiba inaruhusu majiji kuzidi wastani huo kwa asilimia 40 tu. Ukigawa kwa tano unapata watu 185,000 na ushei, karibu kabisa na kikomo. Kwa hiyo 2012 tulipewa maeneo matano, na hayakuwa mengi kupita haki yetu.

Kinachoniuma ni majina. Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi, kana kwamba waliotugawa walikuwa na dira mkononi na hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Mitaa hii ina majina ambayo watu wameyabeba kwa miaka mingi. Neno Embakasi lenyewe tulirithi kwa Wamaasai.

Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka IEBC kupitia upya majina pamoja na mipaka, kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi 12. Muda huo ulipita Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna. Kazi hiyo itakapofanyika, naomba majina yasiachwe nyuma ya vita vya mipaka. Embakasi Magharibi iitwe Umoja. Kaskazini iitwe Dandora. Wa Kusini wachague wenyewe kati ya Mukuru na Pipeline, maana huko sijaishi. Mashariki ndiko kuliko kijiji cha Embakasi na uwanja wa ndege, basi jina la zamani libaki huko peke yake, bila dira.

Na Kati iitwe Kayole. Jirani zangu wa Komarock huenda wakanipinga, na nitawasikiliza. Siku ya kukusanya maoni nitafika mapema, jina hilo nimeliandika kwenye karatasi.

Mwalimu mstaafu,
Kayole, Nairobi