Kaka wa steshenari pale Msamvu, Morogoro, asante sana

Hata jina sikukuuliza jamani. Jioni ile umeme unakatika katika, mimi na mdogo wangu tumeingia tumenuniana, dogo kachaguliwa vyuo viwili, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar) ualimu wa sayansi na SUA (chuo cha kilimo hapa Morogoro) udaktari wa mifugo, meseji ya TCU, tume ya vyuo vikuu, yenye namba ya siri ipo kwenye simu na imebaki siku moja tu athibitishe kimoja. Mi nang'ang'ania Dar kwa sababu mjomba anakaa Ubungo, chumba cha bure nani anakataa! We ukaacha kopi zako, ukachukua karatasi iliyoharibika ukamwambia aandike mwenyewe ada, nauli, miaka (SUA mitano, nusu nizimie) na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, ukichelewa ataishije. Halafu ukamuuliza, mara ya mwisho kukaa na ng'ombe mgonjwa ilikuwaje? Dogo akaongea weee, vitu ambavyo mimi kaka yake sijawahi kuvisikia.

Akathibitisha SUA palepale. Ukachukua mia tano ya kuprinti, basi. Ile karatasi kaibandika juu ya kitanda chake hosteli, na doa la wino pembeni.